Koti la Nakato na Ngazi za Lyon

Nakato, Bi Salma na wengine nyote tunaogombania jiko moja: tangu nirudi mnaniuliza Ufaransa kukoje, na kila nikifungua mdomo mtu anakumbuka zamu yake au wali wake unaanza kushika chini. Basi siku yangu ya mapumziko nimekaa nikaandika. Atakayeniuliza tena habari za ule mnara nitamnyima chapati. Mnara uko Paris, na mimi Paris sikufika. Nilikwenda Lyon, mji wa kale wenye mito miwili, na huko juu ya kilima kuna mnara mdogo wa chuma niliowapigia picha ili roho zenu zitulie. Nakato akanijibu kwamba ile ni antena. Nimeulizia, na kweli ni antena.

Kutoka Ufaransa kwenda Ufaransa

Sisi tayari tunaishi Ufaransa, mnajua. Aliyejenga International City hapa Dubai aliipa kila mitaa kadhaa jina la nchi, na jengo letu likaangukia Ufaransa, ndiyo maana balkoni zetu zina vyuma vilivyojikunja na juu yake nguo za watu wa Kerala zinaanikwa. Asubuhi ya safari mlinzi wa jengo aliniona naburuta sanduku, akauliza naenda wapi. Nikamwambia Ufaransa.

"Mama," akasema, "kwani hapa ni wapi?"

Nilikuwa nakwenda kwa mwanangu Zuhura, aliyeolewa huko na ambaye alikuwa amejifungua mtoto wa kike, Safia. Kwetu Mombasa mzazi hukaa ndani mpaka arobaini yake ipite. Mamake humkanda kwa maji ya moto, humfunga mkaja ili tumbo lirudi, humpikia uji wa pilipili manga, na mtoto humwogesha yeye. Zuhura nilimwacha kwa mamangu kabla hajatimiza miaka miwili, nikaja huku, na tangu hapo nimewaogesha watoto wa madam mpaka wengine wameota ndevu. Mjukuu huyu nilitaka nimwogeshe mimi kwa mikono yangu. Hilo tu ndilo lililonipandisha ndege. Madam alinipa wiki moja, akaniambia nikapumzike.

Nguo ya baridi sikuwa nayo. Nakato, kwa faida ya wasiomjua, analinda ghala la vyakula vya barafu kule Jebel Ali, na kazini amepewa koti ambalo ukilivaa huwezi kushusha mikono. Mgongoni limeandikwa SECURITY kwa herufi za kung'aa.

"Banange, Mama Zuhura, hiyo jacket ni ya kampuni," akashtuka kwa lugha ya kwao. "Ikipotea, mimi nimekwisha."

"Watu si watanisoma mgongo?" nikauliza.

"Vaa, mwanangu," akasema Bi Salma kutoka kitandani kwake. "Baridi haijui kusoma."

Halikuingia sandukuni, kwa hiyo nililivaa, katika joto lile lile la hapa. Ndani ya basi la kwenda metro kijana mmoja alinitazama mgongo, akasimama, akanionyesha kadi yake ya nauli. Niliitazama, nikamwambia yalla, akae. Nilidhani mambo ya koti yameishia pale.

Sanduku lafunguliwa

Uwanja wa ndege wa Lyon ni mdogo na watu wake hawana haraka. Ofisa mmoja kijana aliliomba sanduku langu, akalifungua, na harufu ya udi ikajaa ukumbini mpaka watu wa foleni nyingine wakageuka. Akatoa chetezo. Akatoa makaa ya kufukizia. Akatoa chupa za mafuta ya nazi, mfuko wa pilipili manga, halafu sambusa za nyama nilizokaanga usiku kucha hali nyote mnanung'unika kwamba jiko limeshikwa.

Sambusa akaziweka kando. Nyama haiingii nchini, akasema, ni sheria. Nikamwambia basi wale wao, zisitupwe. Akasema hiyo nayo ni sheria. Alizitia kwenye pipa lenye mfuniko, lakini aliufunga ule mfuniko polepole sana, na nikajua moyo wake ulikuwa upande wangu.

Kisha akauvuta mkaja. Mnaujua ulivyo mrefu. Akavuta, akavuta, meza ikajaa kitambaa, akamwita mwenzake, mwanamke wa makamo aliyevaa sare ya kubana. Yule mama akaniuliza kwa Kiingereza ni cha nini. Niliona maneno hayatatosha, nikamwomba ainue mikono, nikamfunga juu ya sare yake kisawasawa, nikamwambia avute pumzi, nikakaza. Alisimama wima akijishika kiuno, akamwambia mwenzake maneno kwa Kifaransa, halafu akaniuliza vinauzwa wapi.

Waliniachia vyote isipokuwa sambusa. Ofisa kijana alisoma mgongo wangu nilipokuwa nafunga zipu ya sanduku, akataka kujua mimi ni mlinzi wa nani. Nilimwambia wa mwili wangu, nasikia baridi.

Mkwe wangu, fundi wa lifti

Mume wa Zuhura ni Mfaransa, amesilimu na jina lake ni Yusuf. Ni mrefu, mpole, na kazi yake ni kutengeneza lifti. Kwa sababu hiyo akiwa likizo hapandi lifti, wala ngazi za umeme, wala kitu chochote chenye kamba na injini. Zuhura amemfundisha heshima ya shikamoo, naye hakuambiwa kwamba mara moja kwa siku inatosha. Nikitoka chumbani, "Shikamoo, Mama." Nikitoka msalani, "Shikamoo, Mama." Niliitikia marahaba mpaka koo likakauka.

Jioni ile niliyofika mtoto alikuwa amelala. Nilimbusu kisogo, nikanusa, na kabla sijashiba Zuhura akasema, "Mama, umechoka na safari. Nenda kalale." Nikalala. Asubuhi nikaamka mapema, nikakunja mikono, nikatoka kutafuta beseni. Sebuleni nikamkuta Yusuf amevaa viatu vya kupandia mlima na mkoba mgongoni.

"Shikamoo, Mama. Leo tunakwenda Fourvière."

"Mtoto ashaoga?" nikamuuliza Zuhura.

"Ashaoga, Mama. Wewe nenda ukatembee."

Sasa nyinyi mtasema, si ungekataa tu. Bi Salma hatasema hivyo, kwa sababu anajua. Mkwe si mtu wa kumwambia sitaki. Mkwe humwonyeshi uchovu, humnung'unikii, na mbele yake huli mpaka ukashiba. Nikavaa koti la Nakato, nikamfuata.

Fourvière ni kilima kilichosimama juu ya mji. Kuna kigari cha reli kinachovutwa kwa kamba mpaka juu, nilikiona kwa macho yangu, watu wa umri wangu wamekaa ndani wanakula peremende. Yusuf alikipita kama hakipo, akashika ngazi. Tulipanda. Nyumba zikawa chini yetu, tukapanda. Kila nikisimama kuvuta pumzi nilijifanya natazama mandhari, naye Yusuf, akiona ninavyoyapenda mandhari, akaahidi kwamba mbele kuna mengine.

Juu kuna kanisa jeupe, ndani dhahabu tupu, kuta nzima zimepambwa kwa vijiwe vidogo vidogo. Ni zuri, sitasema uongo. Lakini niliposimama mlangoni kutuliza magoti, watalii wakaanza kujipanga mbele yangu wakifungua mikoba. Wa kwanza alikuwa mzee na mkewe. Walinitazama, wakangoja. Nikachungulia, nikaona chupa ya maji na ndizi, nikatikisa kichwa kukubali, wakanishukuru wakapita. Nyuma yao walikuwa wengine. Mlinzi wa kweli alipotokea alisoma mgongo wangu, akanipungia mkono kama wanavyopungiana watu wa kazi moja, akaendelea na safari yake. Yusuf alinikuta nimewapitisha watu wa nchi nyingi.

Tulishuka kupitia uwanja wa michezo wa Warumi wa zamani, ambao nao, ajabu, wameujenga kwa ngazi. Mchana akanipeleka mkahawani, akaniagizia samaki aliyesagwa, akafinyangwa, akaelea kwenye mchuzi mzito. Alikuwa mtamu. Nilikula vijiko vitatu kwa haya, nikaweka kijiko chini. Yusuf akaona sijapenda. Akanipeleka mkahawa wa pili, nikala vijiko vitatu. Akanipeleka wa tatu. Nilirudi nyumbani nimekaribishwa mji mzima na tumbo linanguruma, nikamkuta mtoto ameoga na amelala.

Siku ya pili ikawa hivyo hivyo, kando ya mto. Siku ya tatu akanipeleka mji mwingine kutazama hekalu la Warumi. Kila asubuhi namuuliza Zuhura kama nimsaidie, na kila asubuhi ananivalisha koti yeye mwenyewe, ananifunga vifungo, ananisukuma mlangoni kwa upole. Mkaja ulikuwa bado sandukuni. Usiku nililala nikiwaza kwamba pengine mwanangu hataki niushike mwili wake. Alilelewa na bibi yake; mikono yangu aliizoea wapi? Niliwaza pia kwamba pengine anaiona mikono hii ni ya kuogeshea watoto wa watu. Niliumia, wala sikumwambia.

Nyumba zinazopitwa ndani

Sehemu ya kale ya Lyon, tuliyokwenda siku ya nne, ina kitu ambacho sijakiona popote. Unasukuma mlango wa nyumba ya watu, unaingia ujia wa giza, unatokea ua wenye ngazi za kuzunguka, unaendelea, na unatoka mtaa wa pili. Zamani wafuma hariri walipita humo wakiwa wamebeba vitambaa vyao visinyeshewe. Milango mingine inaruhusiwa kupita, mingine ni ya wenyewe. Yusuf alinieleza hilo, ila wakati huo nilikuwa nahesabu maumivu ya goti.

Alisimama kupokea simu. Mimi nikasukuma mlango uliofuata, nikapita ua, nikapanda vidato kadhaa, nikaona mlango uliofunguka nusu. Nikapiga hodi, kama mtu mwenye adabu. Akatoka bibi kizee mfupi mwenye aproni, akanikagua mbele, akanizungusha, akasoma nyuma. Uso wake ukafunguka. Akanishika mkono, akanionyesha kitasa cha mlango wake. Kilikuwa kibovu.

Nilifanya kama Nakato afanyavyo akionyeshwa uzembe: nilikitazama, nikakitikisa, nikaguna, nikatikisa kichwa kwa masikitiko. Bibi aliridhika kabisa. Bila shaka alikuwa amengoja muda mrefu mtu wa kusikitika naye. Akanikalisha jikoni kwake, akajigusa kifua akasema Odette, akafunua sufuria ya supu.

Nilitaka kujua kama ina nguruwe. Kifaransa sina, kwa hiyo nililia kama nguruwe. Bi Odette alicheka mpaka akashika meza, kisha akaninyanyulia mboga na viazi kimoja kimoja, akiapa kwa mkono kifuani. Nikala bakuli mbili na mkate. Bi Odette hakuwa mkwe wangu.

Tuliposhiba akatoa simu yake. Akanionyesha mjukuu wake yumo beseni la kuogea, na yeye Odette kando, mikono imelowa mpaka viwikoni, anacheka. Akaninyooshea kidole: na wewe? Nikatoa yangu nikaanza kutelezesha kidole. Kanisa. Mto. Antena. Ngazi. Mawe ya Warumi. Kanisa jingine. Ngazi. Mwisho nikaipata picha moja ya Safia, amelala, nimeipiga nikiwa mlangoni.

Machozi yalinitoka palepale kwenye supu ya watu. Bi Odette aliinuka. Alinikatia kipande cha keki yenye sukari ya rangi ya waridi, akakaa karibu yangu tukala wote, huku nje sauti ya Yusuf ikizunguka kwenye ujia mmoja hadi mwingine: "Mama? Mama?"

Annecy, ambayo sikuiona

Siku ya tano ikawa ni Annecy, mji wenye ziwa, mwendo wa saa kadhaa kwa treni. Yusuf alinisifia hilo ziwa tangu jana yake. Nilikaa dirishani, yeye akakaa kando yangu, na kabla hatujafika nusu ya njia treni ikasimama katikati ya mashamba. Sauti ikatangaza jambo. Wafaransa wote wakashusha pumzi kwa pamoja.

"Wanasemaje?" nikamuuliza Yusuf.

"Tusubiri."

"Tusubiri nini?"

"Hilo hawajasema."

Tukasubiri. Nikahisi kitu kizito begani. Nikageuza macho bila kugeuza shingo: mkwe wangu amelala, na kichwa chake kiko juu ya bega langu. Bi Salma, najua umeshika kifua. Mkwe, begani kwa mama mkwe, mbele za watu. Nikimwamsha namwaibisha, nikimwacha tunaaibika wote wawili. Nikakaa kama mti. Mama mmoja wa kiti cha nyuma akainuka, akausoma mgongo wangu ulioachana na kiti, akaniuliza jambo akionyesha saa yake. Nikamjibu inshallah. Akaenda kuwaambia wenzake.

Nikamtazama Yusuf kwa mara ya kwanza tangu nije. Kwa kawaida mkwe humkodolei macho. Macho yake yalikuwa yameingia ndani, na begani mwa shati lake pana doa la maziwa lililokauka. Mtoto humlea usiku, mimi hunitembeza mchana. Huruma ikanishika.

Aliamka kwa mshtuko, akaona alipokuwa ameegemea, akawa mwekundu mpaka masikioni. "Shikamoo, Mama," akasema, kwa kukosa la kusema.

"Marahaba. Yusuf, mwanangu, kwa nini unanitembeza hivi?"

Tulizungumza Kiingereza, chake cha Kifaransa na changu cha Dubai. Alisita, kisha akasema Zuhura alimwapisha. Alimwambia: mama yangu hajapata likizo tangu nizaliwe, kila nyumba aliyoingia ameingia kufanya kazi. Hapa asishike ufagio, asishike beseni. Mtoe, umwonyeshe mji, apumzike kama madam.

"Nawe unapenda kutembea hivi?" nikauliza.

"Mama, mimi niko likizo ya kuzaliwa mtoto. Nataka kulala. Nataka kumwangalia mwanangu." Akafikiri. "Nilidhani wewe unapenda ngazi. Kila mara ulisimama kutazama mandhari."

Nilicheka mpaka wale waliokuwa wakingoja habari za treni wakadhani ninazo. Treni ilipoondoka tulishuka kituo cha kwanza, tukavuka upande wa pili, tukarudi. Ziwa la Annecy nasikia ni zuri sana.

Bafuni

Tulimkuta Zuhura ameinama juu ya beseni la plastiki, mtoto analia, mgongo unamuuma mpaka hawezi kusimama wima. Aliponiona akajaribu kunitoa. "Mama, mbona mmerudi? Yusuf, nilikwambia…"

"Zuhura," nikamwambia, "kule kwa madam mimi nafanya kazi. Hapa nilikuja kwa mwanangu. Wiki nzima unanifungia koti unanitoa nje, nikajua hutaki nikushike."

Alinigeukia. "Mimi? Mamangu, mimi nilikuwa natamani. Nilikuwa nakuogopea tu usije ukajichosha kwa ajili yangu. Ushachoka kwa ajili ya wangapi?"

"Nao sitaki kuwasikia leo. Nipe mtoto."

Bafu lile halina kigoda. Nikakunja koti la Nakato, nikalikalia sakafuni, nikapandisha gauni, nikanyoosha miguu, nikamlaza Safia juu ya miundi yangu, kichwa vifundoni, kama tuogeshavyo sisi. Yusuf alikaa nje ya mlango amegeukia ukuta, kwa adabu, akipitisha maji kwa mkono wa nyuma na kuuliza digrii. Mimi napima kwa kiwiko, yeye kwa kipimo chake, na tukakubaliana. Mtoto akanyamaza. Akafumbua macho, akanitazama sana, akapiga mwayo.

Zuhura alikaa ukingoni mwa bafu. "Na mimi ulikuwa ukiniogesha hivi?"

"Hivi hivi. Ulikuwa na mateke."

Mtoto alipokaushwa na kupewa babake, Zuhura akaenda mwenyewe kwenye sanduku langu, akarudi na mkaja, akanikalia mbele na kunipa mgongo. "Basi nikande na mimi," akasema. Nikamkanda siku ile mpaka nikaondoka, na hatukutoka tena. Yusuf alilala sebuleni, saa za mchana, mdomo wazi.

Kwa hiyo, Nakato, sasa unajua kwa nini koti lako limerudi linanuka mafuta ya nazi. Madam aliponiuliza kama nimepumzika, nilimwambia ndiyo, na ulikuwa ukweli. Picha za makanisa nimewatumia. Ile ninayoipenda aliipiga Zuhura, ya miguu yangu miwili sakafuni na mtoto juu yake, na Nakato akaikuza kwa vidole akasema, "Sasa, Mama Zuhura, Ufaransa iko wapi hapa?"

Tazama vifundo vya miguu, Nakato. Ngazi zote nilizopandishwa zimo humo, ndiyo maana vimevimba, na juu yake amelala mjukuu wangu, hana habari.